Singida: Zizi, Dhahabu na Jina la Ukame

Mkoa wa Singida, uliomegwa kutoka Jimbo la Kati mwaka 1963, uko kwenye uwanda wa juu katikati ya Tanzania, na kwa miaka mingi umetajwa kwa mambo matatu: ukame, umaskini na kuku wa kienyeji. Mvua yake kweli ni ya msimu mmoja, na mara nyingi haizidi milimita 800 kwa mwaka. Lakini kuiita nchi isiyozaa ni kuwanyima haki yao watu walioifanya izae.

Kilimo cha Wanyaturu, wenyeji wa mkoa huu, kilianzia zizini. Samadi ilikusanywa, ikachukuliwa hadi mashamba ya karibu na tembe na kutandazwa kabla ya mvua, ndipo uwele na mtama vikapandwa. Shamba lile lile likalimwa mwaka baada ya mwaka. Mwenye ng'ombe wengi alikuwa na samadi nyingi, na mwenye samadi ndiye aliyejaza ghala. Wakoloni wengi hawakuliona hilo. Kwao ng'ombe walifugwa kwa sifa tu, dhana iliyopewa uzito wa kitaaluma na Mmarekani Melville Herskovits mwaka 1926. Aliyeipinga ni mwanafunzi wake mwenyewe, Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu na kuchapisha kitabu juu ya uchumi wao mwaka 1970. Alionyesha kwamba ng'ombe walikuwa mtaji: mavuno yakiwa mengi, nafaka ya ziada ilinunua mifugo, njaa ikiingia, mifugo ikanunua nafaka.

Umaskini nao haukutokana na ardhi kukosa kitu. Sekenke, wilayani Iramba, ndiko Wajerumani walikochimba dhahabu kuanzia mwaka 1909. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowafungia njia za baharini, mwaka 1916 walifua Tabora sarafu za dhahabu hiyo, za rupia 15, tembo upande mmoja na tai wa Ujerumani upande wa pili. Leo zinauzwa ghali minadani, na wanunuzi wengi huzijua kwa jina la Tabora, Sekenke haitajwi. Usafiri nao haukudumu: reli ya tawi kutoka Manyoni kwenda kaskazini, iliyojengwa miaka ya 1930, iling'olewa muongo uliofuata, na wakulima wakabaki mbali na soko.

Doa zito zaidi kwa jina la Singida lilitokana na mauaji ya "watu-simba", wauaji waliojifanya simba, ya miaka ya 1940. Yalikuwa uhalifu wa kweli, ulioua raia wa Singida wenyewe, lakini simulizi za nje ziliyafanya kuwa tabia ya watu wote.

Siku hizi Singida ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa alizeti, zao linalovumilia mvua chache. Mafuta yake hukamuliwa katika viwanda vidogo vya huko huko na kuuzwa kwa madumu kando ya barabara kuu. Mashudu yanayobaki hulishwa ng'ombe na kuku.