Kindi: jina moja, sura nyingi

kindi *nm* [a-/wa-] mnyama mdogo mgugunaji wa familia ya Sciuridae, mwenye mkia mrefu wenye manyoya mengi, ambaye aghalabu huishi mitini na kula mbegu, matunda na machipukizi. Wingi: *kindi*. Visawe vya karibu: *kuchakulo* (pia *kuchakuro*), *kidiri*.

Maelezo ya matumizi

Fasili iliyo hapo juu inamtosha msomaji aliyekutana na neno *kindi* katika riwaya na anayetaka kuendelea na kisa. Haimtoshi mfasiri aliyepewa kitabu cha mwongozo wa hifadhi, wala mwalimu anayeandaa somo la wanyama wagugunaji. Familia hii ina spishi zaidi ya 270 duniani, na zile za Afrika Mashariki peke yake hutofautiana kwa rangi, mkia na makazi kiasi kwamba aliyemzoea mmoja anaweza kumpita mwingine asimtambue.

Tatizo hudhihirika zaidi katika kirai *kindi mwekundu*. Katika tafsiri za wanafunzi wangu nimekikuta kirai hiki kikisimama badala ya wanyama wanne: kindi wa misitu ya pwani yetu, kindi wa milima ya kusini, kindi wa nyika kavu za kaskazini ambaye huishi ardhini, na kindi wa Ulaya mwenye vishungi vya manyoya masikioni. Wote wanne wamepewa wekundu katika majina yao ya Kiingereza au ya Kilatini, na kila mfasiri, akitazamwa peke yake, hakukosea. Lakini tafsiri hizo zikiwekwa pamoja, msomaji wa Kiswahili hubaki na mnyama mmoja asiyekuwapo popote.

Ngeli na visawe

Silabi ya kwanza ya *kindi* isimdanganye mwanafunzi. Kama ilivyo kwa viumbe hai wengine, upatanisho ni wa A-WA: *kindi huyu amekimbia*, *kindi hawa wamekimbia*. Umbo *vindi* halifai. Neno hili pia halina uhusiano na al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu wa karne ya 9, ingawa atafutaye habari za mnyama huyu mtandaoni huletewa kwanza habari za mwanafalsafa.

*Kuchakulo* huwatatiza wengi kwa sababu huanza na *ku-*, nao hulidhania kuwa ni kitenzi-jina. Ni nomino ya kawaida: *kuchakulo huyu*, si *kuchakulo huku*. Umbo *kuchakuro* limekaribiana mno na kitenzi *chakura*, yaani kufukuafukua ardhi kwa kucha kama afanyavyo kuku, na mnasaba huo unavutia kwa kuwa kindi naye hufukua. Hata hivyo mfanano wa maumbo si ithibati ya asili ya neno, na mwalimu asiufundishe kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Wanaolihusisha na *chakula* wako mbali zaidi na njia.

*Kidiri* hutumiwa na baadhi ya waandishi kwa kindi wa ardhini pekee, na wengine kwa kindi yeyote. Kwa maandishi ya kitaaluma napendelea matumizi ya kwanza, kwa kuwa yanatupatia tofauti ambayo tunaihitaji, kama itakavyoonekana chini.

Rangi: kabla ya kuandika -ekundu

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya upatanisho: *-eupe*, *-eusi* na *-ekundu*. Rangi nyingine zote tumezipata kwa kuazima jina la kitu: majivu, chungwa, kahawa, manjano, zambarau. Kwa sababu hiyo *-ekundu* ina eneo pana kuliko wengi wanavyodhani. Tunasema *udongo mwekundu* na *ng'ombe mwekundu*, na hakuna anayetarajia rangi ya damu. Hivyo *kindi mwekundu*, likiwa jina la mnyama, ni Kiswahili sahihi. Linashindwa pale mwandishi anapotakiwa *kueleza* sura ya mnyama, kwa maana hapo upana wa neno huwa ni upungufu.

Anayetaka kujifunza msamiati wa kueleza rangi namshauri aende Kariakoo kabla ya kufungua kamusi. Jina la mahali hapo lenyewe ni somo la utohozi: limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na matamshi yetu yameling'arisha hata asili yake haisikiki tena. Katika maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Kongo na mitaa ya jirani, neno *nyekundu* ni mwanzo tu wa mazungumzo. Kuna *damu ya mzee*, wekundu uliokolea na kuelekea weusi. Kuna *ugoro*, rangi ya tumbaku iliyosagwa, ambayo si kahawia kamili wala si manjano. Kuna *chungwa*, *hudhurungi*, *kutu*, *kahawia*, *kijivu*, *maziwa*. Muuzaji akikosea kati ya damu ya mzee na kutu, sare za harusi nzima huharibika; kwa hiyo maneno hayo hutumika kwa uangalifu ambao vitabu vyetu vya wanyama havijaufikia.

Msamiati huo unahamishika kutoka kitambaa hadi manyoya bila taabu, isipokuwa kwa maneno machache. *Maji ya kunde* limezoeleka kwa ngozi ya binadamu; likitumiwa kwa kindi huleta kichekesho. *Mvi* nalo lina mtego: manyoya ya kindi wengi yana unywele mmoja wenye rangi mbili au tatu, na matokeo yake ni mgongo unaoonekana kama umenyunyiziwa majivu. Wapo wanaoandika *mgongo wenye mvi*, na msomaji akadhani mnyama amezeeka. Ni bora kusema *mgongo wa ugoro uliochanganyika na kijivu*.

Kwa michoro, tusitosheke na *madoa*. *Milia* ni mistari iliyo wazi, kama ya punda milia. *Mabaka* ni maeneo makubwa ya rangi tofauti. *Marakaraka* ni mchanganyiko usio na mpangilio. *Pingili*, neno la muwa na mwanzi, linafaa kabisa kwa mkia wenye mizunguko ya rangi inayopishana. Kuhusu mkia wenyewe, kirai *mkia wa kichaka* kimefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, nacho humfanya msomaji afikirie majani. Andika *mkia wenye manyoya mengi*, *mkia uliofumuka*, au, pale mtindo unaporuhusu, *mkia kama mgwisho*.

Sura za kindi wa kwetu

Kindi wa kwanza wa kumjua ni yule aliye karibu. *Paraxerus palliatus*, kindi mwekundu wa pwani, huishi katika misitu na vichaka vya ukanda wa pwani kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, ikiwemo misitu ya Pugu iliyo kusini-magharibi mwa Dar es Salaam. Mgongo wake si mwekundu hata kidogo: ni wa kijivu kilichochanganyika na weusi na ugoro. Wekundu uko usoni, tumboni, miguuni na mkiani, nao hutofautiana kutoka kutu hadi chungwa kulingana na mahali. Kwa kawaida wale wa misitu yenye unyevu huwa wakubwa na wenye rangi kali kuliko wale wa vichaka vikavu. Peters aliyemwelezea kisayansi mwaka 1852 aliona jambo hilohilo, maana *palliatus* kwa Kilatini ni aliyevaa joho. Mfasiri anaweza kufuata taswira hiyo: *kindi huyu huonekana kama aliyejitupia joho la kijivu juu ya kanzu ya rangi ya kutu.*

Inasikitisha kidogo kwamba mkazi wa Kariakoo, ambaye simba yuko kwenye jina la klabu ya Mtaa wa Msimbazi na twiga kwenye jina la mtaa, huenda asiwe na jina la mnyama huyu anayeishi mwendo wa saa moja au mbili kutoka dukani kwake. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa unaopikia jijini. Kiumbe akitoweka kabla jina lake halijaingia vitabuni, kamusi haina namna ya kulirudisha.

Mwenzake wa pwani ni *Heliosciurus undulatus*, ambaye jina lake la Kiingereza limehifadhi neno Zanj, jina la kale la Waarabu kwa pwani yetu. Hupatikana Kenya na Tanzania, pamoja na visiwa vya Unguja na Mafia. Huyu hana wekundu wa kujivunia; uzuri wake uko mkiani, ambako pingili nyembamba za rangi nyeupe na nyeusi hupishana hadi nchani. Sehemu ya kwanza ya jina la kisayansi ni *jua* kwa Kigiriki, kwa sababu kindi wa jenasi hii hupenda kujilaza juu ya matawi wakiota jua. *Kindi-jua* ni jina fupi, linaeleweka, na nadhani lingeenea upesi kama vitabu vya shule vingelitumia. Mfano: *Kindi-jua alijinyoosha juu ya tawi, mkia wake wenye pingili ukining'inia.*

Milimani mambo hupamba moto. *Paraxerus vexillarius* hapatikani popote duniani isipokuwa Tanzania, katika misitu ya milima kama ile ya Usambara. Ncha ya mkia wake ni ya rangi ya chungwa, na jina alilopewa mwaka 1923 lina maana ya mshika bendera. Katika giza la msitu wa mlimani, ncha hiyo ndiyo mtu huiona kwanza. Ningemwita *kindi-bendera*, wala nisingesita. Wa milima ya kusini-magharibi mwa Tanzania na kaskazini mwa Malawi ni *Paraxerus lucifer*, mwekundu kwelikweli, mwenye baka jeusi mgongoni. Hapa *lucifer* ni mchukua mwanga, kama maana yake ya asili ya Kilatini, na mfasiri asimgeuze *kindi wa Ibilisi*. Kwa huyu *kindi mwekundu* lingetosha lau jina hilo halijatwaliwa na wa pwani. Basi tumwite *kindi mwekundu baka-jeusi*.

Wapo wengine wasiohitaji maneno mengi. *Paraxerus ochraceus* ni wa rangi ya ugoro unaoelekea manjano. *Paraxerus flavovittis* wa kusini-mashariki ana mlia wa rangi ya maziwa kila ubavu.

Kidiri anadai aya yake. *Xerus rutilus* wa nyika kavu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania huchimba mashimo na kuishi ardhini. Manyoya yake ni machache na magumu, rangi yake ni ya udongo wa mahali anapoishi, naye hana mlia. Jamaa yake mwenye mlia mweupe ubavuni, anayepatikana pia Uganda, hufanana naye kwa mengine mengi. Hapa ndipo tofauti ya *kindi* na *kidiri* inapotuokoa: *kidiri asiye na mlia* na *kidiri mwenye mlia* ni majina yanayoeleweka na mwanafunzi wa darasa la sita, na hakuna mwekundu mwingine anayezaliwa.

Kindi wa mbali

Kindi wa vitabu vya watoto vilivyotafsiriwa ni *Sciurus vulgaris* wa Ulaya na Asia. Vishungi vyake vya masikioni, ambavyo hurefuka majira ya baridi, havipo kwa kindi yeyote wa Afrika Mashariki. Mchoraji wa kitabu chetu anapoviweka kwa kindi wa Pugu anachora mgeni. Jina la jenasi yake limetoka kwenye Kigiriki, nalo huelezwa kuwa ni mkia na kivuli: mnyama anayejifunika kwa kivuli cha mkia wake.

Aliye mgumu zaidi kufasiri ni *Ratufa indica* wa India, ambaye urefu wake pamoja na mkia hukaribia mita 1. Picha zake zilisambaa mitandaoni mwaka 2019, na wengi walidhani zimetiwa rangi. Ana damu ya mzee, weusi, hudhurungi na rangi ya maziwa katika mwili mmoja, na picha zilizokolezwa rangi humwonyesha akielekea zambarau. Kwa huyu *mwenye rangi nyingi* ni kukwepa kazi. Andika: *mgongo wa damu ya mzee, mabega na mkia mweusi, tumbo la rangi ya maziwa.*

Asiyekuwa kindi

Wanyama wa familia ya Anomaluridae, wanaopatikana pia katika misitu ya Tanzania, huitwa kindi warukao katika tafsiri nyingi. Wana ngozi iliyotanda kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, na chini ya shina la mkia wana magamba makavu yanayowasaidia kushika gome la mti. Si jamaa wa karibu wa kindi. Tena hawaruki kwa kupiga mbawa, bali hujiachia kutoka mti mmoja na kuteleza hewani hadi mwingine, kwa hiyo kitenzi *ruka* kinapotosha pia. *Kindi-magamba* lingehifadhi alama iliyo yao peke yao, mradi maelezo ya chini ya picha yaseme wazi kwamba jina ni la mfanano tu.

*Tazama pia:* chakura, hudhurungi, marakaraka, mgwisho, pingili.