Mabao 31 na kipa aliyerudi langoni

Kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya soka la timu za taifa kilianzia kwenye makaratasi, kabla hata mpira haujawekwa kati. Aprili 2001 Samoa ya Marekani ilikuwa imeteua wachezaji 20 wa kwenda Australia kuwania kufuzu Kombe la Dunia la 2002. FIFA ikasema asiye na pasipoti ya Marekani hachezi. Katika wale 20 akabaki mmoja tu, kipa Nicky Salapu, kijana wa miaka 20. Viongozi wakakimbilia timu ya vijana, nako wakakuta wengi wanakabiliwa na mitihani ya sekondari. Ikabidi kuokoteza waliopatikana. Watatu kati yao walikuwa na miaka 15, na baadhi hawakuwahi hata siku moja kucheza mechi ya dakika 90.

Ndiyo maana naumia kila ninaposikia matokeo ya siku ile yakitajwa kwa kicheko. Wanaocheka hawajui nani alikuwa uwanjani.

Samoa ya Marekani ni visiwa vichache katikati ya Bahari ya Pasifiki, vilivyo chini ya Marekani tangu mwaka 1900. Kikubwa ni Tutuila, na mji mkuu ni Pago Pago, wenye bandari iliyozungukwa na milima na kiwanda cha kusindika samaki aina ya jodari. Watu wake wanakaribia elfu 50 tu. Ukiwapeleka wote Uwanja wa Benjamin Mkapa, viti vitabaki. Si nchi huru, lakini mwaka 1998 ilipokewa FIFA. Msomaji wa Zanzibar atalielewa hili kwa uchungu wake mwenyewe, maana mwaka 2017 Zanzibar ilipewa uanachama kamili wa CAF mwezi Machi, na Julai ukafutwa.

Tena soka huko si mchezo wa kwanza. Kijana mwenye mwili na mbio huchukuliwa mapema na mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, kwa sababu ndio unaofungua milango ya vyuo vya Marekani na pengine ligi ya NFL. Wengine hujiunga na jeshi la Marekani. Soka hupata wanaobaki.

Basi vijana wale wakatua Coffs Harbour, mji wa pwani katika jimbo la New South Wales. Aprili 7 wakafungwa na Fiji 13-0. Siku mbili baadaye Samoa, ndugu zao wa damu, wakawafunga 8-0. Siku hiyohiyo Australia iliifunga Tonga 22-0 na kuweka rekodi ya dunia. Aprili 11 ikawa zamu ya Samoa ya Marekani kukutana na Australia.

Kwa takriban dakika kumi lango lilikuwa salama. Kisha ikaja kona, Con Boutsianis akafunga, na bwawa likapasuka. Hadi mapumziko ilikuwa 16-0. Archie Thompson alifunga mabao 13 peke yake, David Zdrilic manane. Dakika ya 86 Pati Feagiai alipiga shuti lililomlazimu kipa wa Australia kufanya kazi. Lilikuwa moja tu, lakini nalihesabu. Mwishoni hata wenye ubao wa matokeo walipotea hesabu: uliandikwa 32-0, ukarekebishwa kuwa 31-0.

Wakubwa walitikisika. Kocha wa Australia, Frank Farina, alilaumu utaratibu uliokutanisha timu za namna hiyo. Shirikisho la soka la Oceania likaanzisha hatua ya awali kwa timu dhaifu, na mwaka 2006 Australia ikahamia shirikisho la Asia.

Aliyeubeba mzigo ni Salapu. Alihamia Seattle, lakini mabao yale yalimfuata huko. Katika filamu ya maisha halisi ya mwaka 2014 kuhusu timu hiyo, inaelezwa jinsi alivyokuwa akiwasha mchezo wa video, akiiacha Australia bila mtu wa kuichezesha, na kuifunga mabao hadi moyo wake utulie. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi: mtu mzima, sebuleni peke yake, akilipa deni ambalo hakulikopa.

Mwaka 2011 alirudi langoni, akiwa na miaka 31. Shirikisho la soka la Marekani lilikuwa limewaletea kocha Mholanzi, Thomas Rongen, mtu aliyempoteza binti yake wa kambo katika ajali ya gari. Alipewa kama wiki tatu kuiandaa timu ambayo, tangu iingie FIFA, haikuwahi kushinda hata mechi moja ya mashindano. Aliwakimbiza mpaka wakachoka, na akawapa nafasi wale waliokuwa wakipuuzwa. Beki ya kati alimsimamisha Jaiyah Saelua, ambaye ni fa'afafine, yaani mtu aliyezaliwa na mwili wa kiume na kuishi kwa namna ya kike, hali yenye nafasi yake katika jamii ya Wasamoa tangu enzi. Hakuna mchezaji wa namna hiyo aliyewahi kujulikana kucheza mechi ya kufuzu Kombe la Dunia kabla yake.

Novemba 22, mjini Apia, Samoa, walikutana na Tonga. Muda mfupi kabla ya mapumziko Ramin Ott alipiga shuti la mbali, kipa wa Tonga akashindwa kulimudu. Dakika ya 74 Shalom Luani, kijana wa miaka 17, akaongeza la pili. Tonga ikarudisha moja dakika ya 88, na dakika zilizobaki zikawa ndefu kama usiku wa mgonjwa. Kipyenga kilipolia ubao ulisoma 2-1. Salapu alilia, na machozi yale yalikuwa na umri wa miaka kumi.

Siku mbili baadaye wakatoka sare ya 1-1 na Visiwa vya Cook. Mechi ya mwisho, dhidi ya Samoa, ushindi ungewavusha. Wakafungwa 1-0 dakika za lala salama. Luani hakukaa sana kwenye soka. Alikwenda chuo kikuu cha Washington State, na mwaka 2017 timu ya Oakland Raiders ya NFL ikamchagua. Mpira wa Kimarekani ulikuwa umemchukua na yeye.

Wenzake waliendelea. Mwaka 2015, huko Nuku'alofa, waliwafunga wenyeji Tonga 2-1 na Visiwa vya Cook 2-0, baada ya kupoteza 3-2 kwa Samoa. Timu tatu zikalingana kwa pointi sita. Samoa ikasonga mbele kwa tofauti ya mabao, na tofauti yenyewe ilikuwa bao moja.