Akiolojia ya Kisiwa cha Mombasa na Mji wa Kale

Akiolojia ya Mombasa ni uchunguzi wa majengo na mabaki ya kale yaliyomo katika kisiwa cha Mombasa, pwani ya Kenya: yaliyosimama, yaliyofukiwa ardhini, na yaliyozama bandarini. Kwa sehemu kubwa husimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kitovu chake ni Fort Jesus, ambayo wenyeji huiita Ngomeni.

Mgeni anayeingia Mji wa Kale hudhani amefika Mombasa ilipoanzia. Sivyo. Nyumba nyingi za Ndia Kuu na Kibokoni, zile zenye roshani za mbao zilizonakshiwa, ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Mji wa awali ulikuwa kaskazini zaidi, kwenye eneo lenye Hospitali Kuu ya Pwani na shule ya Allidina Visram. Huko ndiko Hamo Sassoon, aliyekuwa mtunzaji wa Fort Jesus, alikochimba katika miaka ya 1970, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1980. Tabaka za chini zilitoa vigae vya vyungu vya kienyeji pamoja na vya vyombo vilivyovuka bahari, ushahidi kwamba watu waliishi pale karibu miaka elfu moja iliyopita. Masimulizi ya Waswahili wa Mombasa nayo humtaja Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea (jina la kale la Mombasa), kabla ya mtawala Shehe Mvita. Udongo hautaji jina la mtu, lakini nao unasema mji una umri mkubwa.

Msafiri Ibn Batuta alipopita hapa mwaka 1331 aliona misikiti iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi. Mbao huoza. Kwa hiyo mchimbaji anayetafuta kuta za mawe peke yake atapitwa na nusu ya mji. Inambidi aangalie madoa meusi ya duara ardhini, ambako nguzo ilisimama na kuozea.

Fort Jesus ndiyo iliyochimbwa kwa kina zaidi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa, aliiteka mwaka 1631. Waomani wakaizingira tangu 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Gereza lilipofungwa, mwanaakiolojia James Kirkman, aliyekuwa ametoka kuchimba magofu ya mji wa Gedi, alipewa kazi ya kuifufua kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Aliendelea kuchimba kwa miaka kadhaa, na kitabu chake juu ya ngome hiyo kilitoka mwaka 1974. Kila aliyeishikilia ngome aliacha tabaka lake la vifusi, na kauri za Kichina, ambazo mitindo yake inajulikana kwa nyakati, zilimsaidia Kirkman kupanga tabaka hizo kwa umri. Lakini kilichobaki mioyoni mwa wengi ni lipu ya ukutani: Wareno wa karne ya 17 waliichora kwa mkaa na udongo mwekundu, wakaweka merikebu, watu, hata kinyonga. Hizo si kazi za wachoraji wa mfalme. Ni mikono ya watu waliokuwa mbali na kwao, wakiitazama bahari.

Bahari nayo ina sehemu yake. Merikebu Santo António de Tanná, iliyojengwa Bassein nchini India, ilitumwa kutoka Goa kuinusuru ngome, ikazama mbele yake mwaka 1697. Wazamiaji waliigundua katika miaka ya 1960. Kati ya 1977 na 1980 Robin Piercy aliongoza uchimbaji wa chini ya maji, kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Kenya na Taasisi ya Akiolojia ya Bahari ya Texas. Maelfu ya vitu yaliopolewa, na baadhi yanaonekana leo Ngomeni. Bodi ya merikebu yenyewe iliachwa pale pale chini.

Upande wa pili wa kisiwa upo mnara wa Mbaraki, wa mawe ya matumbawe, kando ya mabaki ya msikiti wa zamani zaidi ambao Sassoon pia aliuchimba.

Ngome iliingia katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2011. Mji wa Kale, uliotangazwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni mgumu zaidi kuuchunguza kwa kuwa watu wanaishi humo, na shimo la choo au la msingi huchimbwa na kufukiwa kabla mtaalamu hajafika. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inamtaka anayekuta kitu cha kale atoe taarifa, maana kigae kisichojulikana kilitoka kina gani kimepoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake.

Kuta zenyewe pia husomeka. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Lipu ikimomonyoka, ndani ya chokaa huonekana chembe nyeusi: ni mkaa wa kuni zilizochoma matumbawe tanuruni, na mkaa huo unaweza kupimwa umri maabarani. Fundi anapobandua chokaa hiyo na kupaka saruji, unyevu hunaswa ukutani, boriti huanza kuoza, na chembe zile za mkaa hutupwa pamoja na kifusi.