Madoa ya Meno na Maji ya Kunywa

Katika mwaka wa 1901 kijana mmoja, Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs, huko Marekani, kufanya kazi ya udaktari wa meno. Alistaajabu kuona wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya rangi ya kahawia. Alipouliza sababu, kila mtu alikuwa na jibu lake: huyu alisema ni nyama nyingi ya nguruwe, yule akasema ni maziwa mabaya. Vitabu vya udaktari navyo havikumsaidia.

Hata mwaka wa 1909 mtaalamu mashuhuri, G. V. Black, akakubali kuja kuchunguza pamoja naye. Waliona kwamba karibu watoto tisa katika kila kumi waliozaliwa pale walikuwa na madoa, walakini wageni waliohamia pale wakiwa watu wazima hawakupatwa. Tena waliona ajabu nyingine: meno yale yenye madoa hayakuoza upesi. Black alifariki mwaka wa 1915, na McKay akaendelea na kazi.

Mwaka wa 1923 aliitwa kwenda Oakley, katika jimbo la Idaho. Wazazi walimwambia kwamba madoa yalianza baada ya mji kuvuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi ya maji ya moto. McKay aliyapima maji yale asione kitu. Hata hivyo aliwashauri wayaache. Wakatii, na baada ya miaka michache watoto wadogo wakaota meno safi. Mimi humsifu McKay kwa jambo hili kuliko mengine yote: hakuwauliza watoto kama walipiga mswaki, bali aliuliza mji mzima wanywa nini.

Kitu chenyewe kilijulikana mwaka wa 1931, nacho ni floraidi. Daktari H. Trendley Dean akapima kiasi chake, akaona kwamba miligramu moja hivi katika lita ya maji haiharibu sura ya meno, nayo huyakinga yasioze. Basi tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, ukawa wa kwanza kutia floraidi katika maji yake. Katika muda wa miaka 15 kuoza kwa meno ya watoto waliozaliwa baada ya hapo kulipungua kwa zaidi ya asilimia 60. Maji yale yaliingia nyumba ya tajiri na ya maskini sawasawa, wala mtoto hakuhitaji ada ya daktari ili ayapate.

Kwetu Kenya shida ni kinyume chake. Mawe ya volkano ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na maji ya visima vingi upande wa Nakuru hupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Nilipokuwa mwalimu mgeni katika bonde hilo, palikuwa na msichana ambaye hakucheka bila kufunika kinywa kwa mkono. Mwalimu mwenzangu alimkemea mbele ya darasa kwa uchafu. Nilinyamaza, maana nami nilidhani hivyo hivyo. Kumbe doa lile liliingia katika jino tangu lilipokuwa likijengwa ndani ya ufizi, wala mswaki hauwezi kuliondoa.

Mwenye nyumba ya mabati na tangi hunywa maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi. Asiye na tangi huteka kisimani, na kuyachemsha maji hakumsaidii, kwa kuwa mvuke huenda zake na floraidi hubaki chunguni. Iko njia ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nayo imetumiwa huko Nakuru. Walakini mkaa huo hujaa floraidi baada ya muda, ikalazimu kuubadili, na kila ubadilishwapo hutakiwa fedha.