Nilisema Chuo ni Karatasi Tu. Shosh Akaniuliza Swali Moja

Leo najikosoa hadharani, kwa hivyo shika chai yako, tulia.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikatika, deni likakua, nikarudi nyumbani na begi moja. Chuo chenyewe sitakitaja, hii si stori ya kulipiza. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikirudia kauli moja: chuo ni karatasi tu, ukitaka elimu ya kweli ingia mtaa. Mlinipigia makofi sana. Mathe peke yake ndiye hakucheka.

Juzi nikaenda kumwona shosh, Majengo, kule Pumwani. Nikamchezea video yangu kwa simu. Akaisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Mjukuu wangu, unasema chuo hakina kazi. Na wale madaktari waliokuwa wanakuja hapa kuwachukua wanawake damu, walikuwa wanatoka wapi? Sokoni?"

Sikuwa na jibu. Nimelelewa Majengo na sikuwa nimewahi kuuliza. Nikaanza kusoma, na manze, nilichopata kimenifanya niandike haya.

Tuanze na chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kama chuo cha ufundi cha wakoloni, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1956. Baadaye kikaunganishwa na Makerere na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1963. Mwaka 1970 kila mmoja akashika njia yake na Nairobi ikasimama peke yake. Kwa hivyo tunaongea kuhusu taasisi changa, ambayo watu wengi waliifundisha wakiwa bado vijana. Swali lao lilikuwa moja: tutafiti nini, na tumtafitie nani?

Chukua historia. Mwaka 1963, Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alisema wazi kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa ila ya Wazungu waliokuja. Kwa watu kama yeye, kama hakuna maandishi basi hakuna kilichotokea. Bethwell Ogot alikuwa ashaanza kumjibu kwa vitendo. Alienda kwa wazee wa Kijaluo, akasikiliza masimulizi ya koo na safari zao, akayalinganisha, akapima vizazi, na 1967 kikatoka kitabu chake kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini. Ni Ogot aliyejenga idara ya historia pale Nairobi. Fikiria hilo: stori za babu, zile tunazoona ni za kutupotezea muda Krismasi, zikakubalika kuwa ushahidi wa kisomi.

Idara ya Kiingereza nayo ililipuka 1968. Tarehe 24 Oktoba, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka idara hiyo ivunjwe. Hoja yao haikuwa kuchoma vitabu vya Shakespeare. Walikuwa wanauliza kwa nini fasihi ya Uingereza ikae katikati na yetu ikae pembeni kama mgeni. Walitaka Afrika iwekwe katikati, fasihi simulizi ikiwemo: nyimbo, ngano, vitendawili. Kama ulisoma fasihi simulizi shule ya upili na ukailaani siku ya mtihani, sasa unajua ni vita gani viliiweka karibu na wewe.

Falsafa? Henry Odera Oruka, kuanzia 1974, alifanya kitu rahisi sana. Kulikuwa na wasomi waliosema Mwafrika ana mila lakini hana falsafa, kwa sababu hafikiri peke yake, anarudia tu ya ukoo. Oruka akachukua kinasa sauti, akaenda vijijini kuwahoji wazee. Hakutafuta wanaojua mila tu. Alitafuta wale wanaoweza kubishana na mila zao wenyewe na kutoa sababu. Aliwapata. Wengi wao hawakuwa wamekaa darasani, lakini mawazo yao yakawa kitabu kinachosomwa vyuo vya nje.

Hii inayofuata ni ya mahasla. Kabla ya miaka ya 70, mchumi akikuangalia wewe unayechomelea mlango kando ya barabara, anakuandika "hana kazi". Hukuwa na ofisi, hukuwa na mshahara, basi haukuwa kwa hesabu. Mwaka 1972 ikatoka ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya. Wataalamu walitoka nje, lakini walifanya kazi pamoja na watafiti wa Nairobi, wa taasisi ya masomo ya maendeleo iliyoanzishwa 1965. Ripoti ikasema: hawa watu wanafanya kazi, tena kwa bidii na akili, na shida yao kubwa ni kufukuzwa na kunyimwa nafasi. Ndiyo ripoti iliyosambaza lile neno "sekta isiyo rasmi" duniani kote. Sisi tunaiita jua kali. Mjomba wangu anatengeneza masufuria Gikomba na hajui kwamba watu kama yeye walibadilisha vile dunia inahesabu kazi.

Halafu kuna Wangari Maathai. Wengi wetu tunamjua kwa miti na Tuzo ya Nobel ya 2004. Lakini Wangari alikuwa mtu wa mifugo. Alirudi kutoka Marekani 1966 akiwa ameahidiwa kazi chuoni, akafika akakuta imepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini ni kwa sababu ya jinsia na kabila. Akapata nafasi idara ya anatomia ya mifugo, na 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata uzamivu. Sasa sikia hii. Alikuwa anatafiti kupe, wale wanaoleta ugonjwa wa ndigana kwa ng'ombe. Akienda mashambani kuokota kupe, akaona kitu kingine: mito imejaa matope, ng'ombe wamekonda, akina mama wanatembea mbali kutafuta kuni. Akajiambia tishio kwa hao ng'ombe ni kubwa kuliko kupe. Mwaka 1977 akaanza kupanda miti na wanawake wa kijijini. Vuguvugu la Green Belt lilianzia kwa mtu aliyeenda kutafuta mdudu.

Sasa turudi Majengo, kwa swali la shosh.

Katika miaka ya 80, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wanafuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono Pumwani. Wakati huo ukimwi ulikuwa unafagia. Lakini mwaka baada ya mwaka, kundi dogo la wanawake lilibaki bila virusi, ilhali walikuwa wanakutana navyo kila mara. Watafiti wakachunguza damu, wakaona kinga za baadhi yao zina chembe zinazotambua seli zilizoambukizwa na kuziua. Matokeo yakachapishwa, wanasayansi wa dunia nzima wakageuka kuangalia Majengo. Kutokana na hapo watafiti wa Nairobi na Oxford wakaunda chanjo ya majaribio, na 2001 ikaanza kujaribiwa kwa watu hapa Nairobi.

Chanjo hiyo haikufaulu. Haikuamsha kinga vya kutosha. Na baadhi ya wale wanawake, baada ya kupumzika kazi hiyo kwa muda, waliambukizwa baadaye. Sitawadanganya ati kuna mwisho mtamu. Lakini sayansi iliyotoka kwa mikono yao ingali inatumika na wanaotafuta chanjo hadi leo.

Nilimsomea shosh haya yote. Akanyamaza, kisha akasema: "Majina yao yako wapi?" Nikamwambia majina hayaandikwi, ni kulinda siri zao. Akasema sawa, hiyo ni heshima. Lakini akaongeza: "Na kuna mtu alirudi kuwaambia walichopata?" Hapo tena sikuwa na jibu.

Hapo ndipo nimefika, wasee. Nilikosea kusema chuo na mtaa ni vitu viwili. Angalia hiyo orodha tena: wazee wa Ogot, wazee wa Oruka, fundi wa jua kali, akina mama wa Wangari, wanawake wa Majengo. Utafiti mkubwa wa nchi hii ulianza mtu wa chuo alipotoka nje ya geti, akauliza, na akanyamaza asikie. Mtaa ulikuwa mwalimu.

Pia nilikosea kudhani wasomi walikuwa wanakula tu maisha. Ngũgĩ alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977 baada ya tamthilia ya Kamĩrĩĩthũ, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa, na alipotoka hakurudishiwa kazi. Wangari alijiuzulu 1982 agombee ubunge, akazuiwa kugombea, akarudi chuoni akakuta mlango umefungwa, na nyumba pia ikaenda. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, chuo kizima kilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Mtu hafungwi kwa sababu ya karatasi tu. Ogot na Ngũgĩ wote walituacha 2025, na mimi nilikuwa bize nawaambia chuo hakina maana.

Lakini hasira yangu moja bado naishikilia. Kama maarifa yalitoka kwetu, kwa nini kurudi kwetu ni ngumu hivi? Kwa nini mtoto wa Majengo atolewe darasani kwa sababu ya karo, ilhali darasa lenyewe lilijengwa na damu ya Majengo? Hilo silifuti.

Kwa hivyo nafanya hivi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hazina ya tasnifu mtandaoni, nyingi unasoma bure, huhitaji kitambulisho cha mwanafunzi. Tafuta jina la mtaa wako, au kijiji cha wazazi wako. Soma hata kurasa kumi. Mimi kila wiki nitachukua tasnifu moja, niieleze kwa lugha yetu, nikianza na za Pumwani. Video ya kwanza narekodi nyumbani kwa shosh. Amekubali, ila amesema nikikosea atanikatiza mbele ya watu.