Amani ya Mungu wakati wa taabu (Kipushi na migodi ya Katanga)

Amani ya Mungu, katika mafundisho ya Kikristo, ni utulivu anaoupata mwamini kwa kumtegemea Mungu hata kama taabu yenyewe haijaondoka. Msingi wake umo katika Zaburi, hasa ya 23, ya 46 na ya 130, katika maneno ya Yesu ya kuwaaga wanafunzi wake (Yohane 14–16), na katika sura ya nne ya Waraka kwa Wafilipi. Waraka huo Paulo aliuandika akiwa kifungoni. Aliyewahimiza wenzake wasisumbuke moyoni hakujua kama angetoka salama, na wahubiri wengi huliruka jambo hilo.

Mahali pamoja ambapo imani hiyo imejaribiwa ni Kipushi, mji wa mgodi ulio kilomita zipatazo 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mpakani na Zambia. Kampuni ya Union Minière ilianza kuchimba shaba na zinki hapo katika miaka ya 1920. Mfanyakazi alipewa nyumba kambini, posho, shule ya watoto na hospitali. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameonyesha jinsi kampuni ilivyoshika nafasi ya baba katika familia za wafanyakazi. Jina la kitabu chake cha mwaka 2001 linawataja watu wa Shaba, yaani Katanga, kuwa ni watoto walioachwa na baba yao.

Kanisa Katoliki lilikulia ndani ya mpango huohuo wa kampuni. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, wakakabidhiwa upande wa Sakania. Jimbo la huko limeitwa Sakania-Kipushi tangu 1975. Wamethodisti na Wapentekoste nao wana mizizi ya zamani Katanga.

Mchango mkubwa kuliko yote wa migodi hii katika fikra za Kikristo ni Jamaa. Chama hicho kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Ruwe, karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière na padre Mfransisko Placide Tempels, mwandishi wa kitabu maarufu cha 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu. Mafundisho yake, yaliyotolewa kwa Kiswahili, yalisimama juu ya uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakalelewa na mume na mke waliowatangulia, na wote wakaitana baba na mama. Mtu aliyetoka kijiji cha mbali, akakaa katika nyumba ya namba kambini, alipata ukoo upya. Hapo amani haikuwa siri ya moyo wa mtu mmoja. Ilionekana nyumbani, kati ya mume na mkewe, kabla ya kutajwa kanisani. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliyabana makundi yaliyoonekana kupotoka. Hata hivyo, wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kuenea.

Taabu kubwa ilikuja baadaye. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya serikali kuitaifisha Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 hazikufika 40,000. Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993. Mishahara ilikatika miezi kwa miezi. Katika miaka hiyohiyo watu wenye asili ya eneo la Kasai walifukuzwa Katanga, wengine wakakaa kwa muda mrefu katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamesali katika makanisa yaleyale, na hakuna maelezo ya amani ya Mungu katika eneo hili yanayostahili kuaminiwa yakilificha hilo. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia.

Posho ilipokwisha, shirika ndilo lililobaki. Shirika ni jumuiya ndogo ya Wakatoliki majirani: hukutana uani kwa mmoja wao, husoma Injili ya Jumapili, kila mtu hutoa nia yake ya sala, kisha huulizwa nani mgonjwa na nani kafiwa. Kwenye kilio kwaya huimba usiku kucha huku kina mama wakipika bukari (ugali) nyuma ya nyumba kwa unga uliochangwa. Kwa waliofiwa, sala na unga huo ni kitu kimoja.

Sambamba na hayo yaliongezeka makanisa ya uamsho yanayoahidi kwamba imani ya kweli huleta kazi, viza na mimba, na kwamba anayeendelea kuteseka ana laana ya ukoo au mchawi nyumbani. Baadhi yao wamewapa watu nguvu ya kuacha pombe na kurudi kwa familia zao, hilo halikataliki. Lakini fundisho linalomgeuza bibi mzee au mtoto yatima kuwa chanzo cha taabu halina nafasi katika Waraka kwa Wafilipi.

Mgodi wa Kipushi ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024, chini ya kampuni ya ubia kati ya Ivanhoe Mines ya Kanada na Gécamines. Wengi wa walioondoka kazini kuanzia 2003 bado wanadai kwamba hawakulipwa haki zao zote.