Fundo la Sarah Cornell

Asubuhi ya tarehe 21 Desemba 1832, huko Tiverton, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, mkulima mmoja aliukuta mwili wa mwanamke ukining'inia kwenye nguzo shambani mwake. Marehemu alikuwa Sarah Maria Cornell, mwenye umri wa miaka 30, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo katika mji jirani wa Fall River.

Zama zile viwanda vya nguo, vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mito, viliwavuta maelfu ya wanawake kutoka makwao. Sarah, asiye na mume, alihama kiwanda hadi kiwanda akila jasho lake mwenyewe.

Kwanza ilidhaniwa kuwa amejinyonga. Kisha ikabainika kwamba alikuwa mjamzito, na katika vitu vyake kikapatikana kikaratasi kilichosema kwamba asipoonekana, aulizwe Ephraim Avery, mchungaji wa Kimetodisti wa mji wa Bristol. Mchungaji huyo alishitakiwa kwa mauaji mjini Newport mwezi Mei 1833.

Upande wa mashitaka ulidai kuwa fundo lile hukazwa kwa kuvuta ncha zote mbili za kamba, jambo asiloliweza anayejinyonga. Watetezi walijibu kwamba wafumaji hulifunga fundo hilo kiwandani. Lakini hawakuishia hapo: waliita mashahidi wengi kusimulia mwenendo wa marehemu. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mshitakiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe, naye Sarah alikuwa kaburini. Tarehe 2 Juni, Avery aliachiwa huru. Watu wengi hawakuridhika. Hatimaye aliacha uchungaji, akahamia Ohio, akafariki mwaka 1869.

Nasi hatuketi leo kumhukumu upya mtu ambaye mahakama ilimwachia. Linalotuhuzunisha, hasa sisi tuliokabidhiwa kundi, ni kwamba katika kulinda jina la mchungaji, aliyewekwa kizimbani ni marehemu.

Binti zetu nao huenda mijini kutafuta kazi. Mmoja wao akipatwa na baya, swali letu la kwanza huwa lipi: ni nani aliyemdhuru, au alikuwa mwanamke wa namna gani? Tulitafakari jambo hili wiki hii, majumbani mwetu na katika jumuiya zetu ndogo ndogo.

Tumsifu Yesu Kristo.